Chumba cha Juu ni Changu

Jumapili, 5 Oktoba

Mvua ya kwanza imenyesha leo na kanisa limehamia nyumbani kwangu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili kilichobisha hodi.

Nianze na nyumba, maana ndiyo iliyoniponza. Chini tuna sebule, jiko, chumba chetu na chumba cha mama mkwe. Juu kuna chumba kimoja kikubwa, na choo kidogo ubavuni. Mume wangu alikijenga ili cherehani zangu zitoke koridoni, nami nikaweka mlango pale ngazi inapoishia, kuzuia paka wa jirani asilalie vitambaa vya watu. Mimi ni fundi wa majoho ya kwaya. Kanisa kubwa la kule barabarani ndilo linalonilisha, na sasa hivi nina majoho ya kwaya nzima, ya kuvaliwa siku ya kufungua jengo lao jipya mwishoni mwa Novemba.

Mume wangu hasali tena huko. Amejiunga na kikundi cha watu wachache wanaotaka kuishi kama Wakristo wa kwanza kabisa, kabla hayajaja majengo. Kiongozi wao tunamwita Mitambo. Ndiye aliyekuwa fundi wa vipaza sauti wa kanisa kubwa, mpaka siku moja alipovizima katikati ya mahubiri, akashuka, akaenda zake. Anasema alichoka kuambiwa aongeze sauti. Walikuwa wakikutana sebuleni kwake, lakini bati lake linavuja. Halafu mzee mmoja wa kikundi, mwalimu mstaafu wa historia wanayemwita Profesa, akakumbusha kwamba wale wa kwanza walikusanyika katika chumba cha juu. Wote wakageuka kumtazama mume wangu, maana katika kikundi kizima mwenye ghorofa ni sisi tu.

"Nafasi ipo," mume wangu akasema.

Nafasi ipo! Kuna meza ya kukatia, cherehani mbili, marobota ya kitambaa cha zambarau na mimi.

Jumatano, 8 Oktoba

Meza ya kukatia imesukumwa ukutani.

Jumapili, 12 Oktoba

Nilikuwa nimejiandaa kuwacheka, na nimeshindwa.

Walikaa chini, kwenye mikeka, wakiwa wamezunguka mkate na sufuria ya maharage. Hakuna aliyehubiri. Profesa alieleza kwamba wale wa kwanza hawakuwa na siku ya mapumziko, walikutana alfajiri kisha wakaenda kazini kama watu wengine, na kwamba kula pamoja ndiyo ilikuwa ibada yenyewe. Mtumwa na mwenye mtumwa walichovya katika bakuli moja. Hata jina la Ukristo hawakujipa wenyewe, walibandikwa na watu wa mtaani waliokuwa wakiwacheka. Dobi akauliza kama mtaa umeshatubandika la kwetu. Nikamwambia naam, mnaitwa Wa-Ghorofani. Akacheka mpaka akapaliwa na mkate.

Huyu Dobi ni mwanamke mwenye mikono iliyochubuka kwa sabuni, anafua nguo za nusu ya mtaa. Kule kanisa kubwa tumesali safu moja kwa miaka na sikuwahi kujua sauti yake. Leo nimejua kwamba anaogopa radi na kwamba mume wake alimwacha akaenda kuoa dada wa rafiki yake. Kule mimi ni "fundi", napigiwa simu pindo likifumuka. Hapa wananiita dada. Lazima niseme ukweli, nimefurahi.

Mama mkwe hakupanda. Yeye bado yuko kwaya ya kanisa kubwa, sauti ya pili, na hatoki. Nilipomshushia mkate aliutazama kana kwamba umetoka kwa mganga.

"Wamemaliza hao wa kale?"

"Wamemaliza, mama."

"Waambie na wao walikuwa wakigombana. Usiwaache wadanganyane."

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua. Mtaro wa mbele umeziba kwa takataka. Nimemwambia mume wangu. Kasema atauangalia.

Alhamisi, 16 Oktoba

Niandike kwa nini mume wangu alitoka kanisa kubwa, maana leo amekisimulia kisa hicho mbele ya wote na mimi nilikuwa nakijua nusu tu.

Alikuwa mhudumu wa viti. Kazi yake ilikuwa kuelekeza watu pa kukaa, na safu mbili za mbele ziliwekewa karatasi zenye majina ya wageni rasmi. Mwaka jana mama yake aliwahi mapema, miguu ikimuuma, akaketi kiti cha pembeni mbele ili asipande ngazi za kwaya mara mbili. Akaja mgeni mkubwa na msafara wake. Mchungaji akamkonyeza mume wangu. Basi akaenda kumwinamia mama yake mzazi, akamwambia, "Mama, naomba upishe." Mama akainuka, akatembea hadi nyuma kabisa mbele ya macho ya watu wote.

"Nilimwinua mama yangu kwenye kiti cha plastiki," alisema, na machozi yakamtoka. "Nikajiuliza, hivi ndivyo ilivyoanza? Waliomfuata Bwana njiani waliwekeana viti?"

Mitambo alimshika bega. Nilimpenda mume wangu leo kama siku aliyoniposa, na nikajiambia meza ya kukatia si kitu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Wanakutana kila siku sasa. Nashona kuanzia wanapoondoka hadi wanaporudi. Mgongo unaniuma.

Jumatano, 22 Oktoba

Mambo yamegeuka.

Mitambo amesema sisi tumeruka hatua. Wale wa kwanza hawakuanza kwa kumega mkate wala kugawana mali. Kabla ya hayo yote waliambiwa wasiondoke, wangoje nguvu. Wakapanda chumba cha juu wakangoja, wanaume na wanawake, mpaka ikawashukia. Sisi tulianza kula kabla ya kungoja, ndiyo maana hatuna nguvu, tuna urafiki tu.

"Walingoja siku ngapi?" Dobi aliuliza.

"Kama kumi hivi," Profesa akasema. "Lakini wao hawakujua kuwa ni kumi."

Wamekubaliana kuingia Ijumaa. Hakuna kutoka mpaka ije. Mlango utafungwa kwa ndani na ufunguo utatundikwa msumarini pale ukutani, kila mtu auone, ili asiwepo wa kusema amefungiwa. Hakuna kufungua kwa sauti yoyote ya nje, iwe ya polisi, iwe ya mwajiri, iwe ya mke. Simu zitazimwa. Mitambo alipouliza nani yuko tayari, mume wangu alinyoosha mkono kabla swali halijaisha.

Niliwauliza, na mimi je? Chumba ni changu. Mume wangu akanitazama kwa upole, akasema, "Wewe ndiye mwenyeji wetu." Nikauliza kuhusu majoho. Mitambo akasema nishone kwa mkono, cherehani inapiga kelele.

Ningeweza kukataa. Nimeikubali mwenyewe, kwa kinywa changu, mbele yao. Sababu ya kwanza ni mume wangu. Sababu ya pili, naiandika hapa tu, ni kwamba siwezi kuwaachia watu chumba changu na vitambaa vyangu nikakaa chini kuwasikiliza wakitembea juu ya kichwa changu. Na sababu ya tatu ni kwamba nilitaka kuona kama itakuja.

Ijumaa, 24 Oktoba

Tumeingia. Mama mkwe alisimama mlangoni pa chumba chake na kitambaa chake cha kichwa.

"Na mimi nikidondoka huku chini?"

"Mungu atakulinda, mama," mume wangu akajibu.

"Mungu hana mikono ya kuninyanyua. Wewe unayo."

Mume wangu akambusu mkono, akapanda. Nikamwachia mama chakula cha siku kadhaa na namba ya jirani. Alinitazama kwa macho ambayo sitaki kuyakumbuka. Binti yetu yuko shule ya bweni na leo nashukuru kwamba hakuyaona haya.

Jumapili, 26 Oktoba

Kusali. Kuimba. Mvua juu ya bati.

Jumatatu, 27 Oktoba

Hivyo hivyo.

Jumatano, 29 Oktoba

Chumba ninachokijua kama kiganja changu kimekuwa kigeni. Kila kona ina godoro la mtu. Nguo zilizofuliwa zinaning'inia kwenye kamba niliyokuwa natundika majoho, na hazikauki. Hewa ni ya soksi na gesi ya jiko tulilopandisha la kupikia. Dirisha linatazama ukuta wa jirani, nalo lazima lifungwe kwa sababu ya mvua. Nimekaa kwenye kigoda changu kilekile ninachokalia kila siku ya Mungu nikishona, na mara tatu leo nimesikia hamu ya kupiga mayowe.

Ugomvi wa kwanza umetokea kwa ajili ya maharage. Dobi amesema kila siku anapakuliwa mwisho na anapata mchuzi mtupu. Mume wangu anayepakua akasema si kweli. Dobi akasema ni kweli, na kwamba kule kanisa kubwa angalau alijua kuwa yeye ni wa mwisho. Profesa akaingilia akicheka, akasema hata wale wa kwanza waligombania mgao wa chakula, wajane walilalamika, ikabidi wachaguliwe watu wa kugawa. Ndipo Dobi akamkabidhi mwiko.

Nilimkumbuka mama mkwe. Waambie na wao walikuwa wakigombana.

Ijumaa, 31 Oktoba

Namsikia mama huko chini. Anaimba sauti yake ya pili peke yake, bila ile ya kwanza, kwa hiyo wimbo hauishi kuwa nusu. Mume wangu akianza kuisikia hupandisha sauti ya maombi.

Jumapili, 2 Novemba

Siku kumi zimetimia leo na hakuna aliyezitaja. Wote tumeoga. Wote tulivaa nguo safi. Dobi alijifunga kitambaa kipya kichwani. Tulisali mpaka koo zikakauka, na kila upepo ulipotikisa bati niliona macho yakifunguka upande mmoja.

Jioni Mitambo akasema hatukuambiwa siku ngapi.

Jumatatu, 3 Novemba

Ufunguo uko pale msumarini. Ninauona nikilala na nikiamka. Hakuna mlinzi. Mtu yeyote angeweza kuinuka, kuuchukua, kufungua na kwenda nyumbani kwake kula chakula cha moto. Hakuna anayeuangalia moja kwa moja. Tunapita mbele yake kwenda chooni huku tumevaa miwani ya mbao.

Nimejifikiria sana kwa nini siinuki. Si woga wa Mungu. Ni hivi: nikitoka mimi, halafu ikaja kesho, nitakuwa yule aliyetoka. Na isipokuja, nitakuwa yule aliyesababisha isije. Nafikiri kila mmoja wetu anafanya hesabu hiyohiyo kichwani.

Jumatano, 5 Novemba

Leo nimemwonea Mitambo huruma, jambo ambalo sikutarajia.

Mwanzoni nilimwona kichekesho. Kisha nikaanza kumsikiliza kama wengine. Baada ya ule mlango kufungwa nilimchukia, nikaona ndiye aliyetutia kwenye gunia. Leo wengine walikuwa wamejilaza mchana, akaja kukaa karibu nami nikiwa napiga pindo. Akashika kipande cha kitambaa cha zambarau.

"Hii ni ya kwaya?"

"Ya kwaya."

"Nzuri." Halafu akasema kwa sauti ya chini sana, yeye aliyezoea mitambo, "Dada, mimi sijui namna ya kusimamisha jambo hili."

Nikamuuliza maana yake nini.

"Mke wangu hajui kama niko hai. Kazini nimeshamwaga unga, hilo najua. Kila asubuhi naamka nikiomba mmoja wenu aseme basi. Mimi nikisema, nimewadanganya. Mwingine akisema, nitaweza kumruhusu."

"Basi niseme mimi?"

Akamtazama mume wangu aliyelala kifudifudi, mikono imeshika mkeka. "Ukisema wewe, yeye atakusamehe?"

Nilijichoma sindano kidoleni na damu ikaingia kwenye joho, chini ya pindo, pale pasipoonekana.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Anayetuongoza anangoja tumfungulie. Nimejiuliza kama hata wale wa kwanza walikuwa hivi, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho, akiona haya kuwa wa kwanza kushuka. Labda ilipowajia walifurahi pia kwa sababu waliruhusiwa kwenda nyumbani.

Ijumaa, 7 Novemba

Mvua haikukatika tangu jana. Mama haimbi leo.

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika haya nikiwa nimekaa kwenye ngazi, maana chumbani hakuna pa kukaa. Nitaandika yote kwa mpangilio kabla hayajachanganyika.

Mchana tulikuwa tunamwombea mama mkwe. Ilikuwa zamu yake. Mume wangu ndiye aliyeongoza, amesimama, mikono juu. Alimwomba Mungu amtoe mama yake kwenye giza la vipaza sauti na viti vya wakubwa, amfungue, amlete kwetu. Alikuwa analia kweli. Mvua ilipiga bati kiasi kwamba hata sisi tuliokaa karibu naye tulimsikia kwa shida.

Nikasikia mlango ukigongwa. Kwanza nilidhani ni bati. Ukagongwa tena, si kwa kiganja, kwa kitu kigumu. Dobi akafumbua macho. Profesa akafumbua macho. Mume wangu hakufumbua, aliongeza sauti.

"Mlango," nikasema.

"Tuendelee," akasema. "Ni jaribu hilo."

"Ni mama."

"Tumekubaliana, hakuna sauti yoyote."

Profesa akajikohoza. Mzee huyu huongea kama anafundisha hata akiomba chumvi. Akasema kuna kisa cha wale wa kwanza. Mwenzao mmoja alifungwa gerezani, nao wakajifungia ndani ya nyumba ya mama mmoja kumwombea atoke. Akatoka. Akaja kugonga mlango. Msichana wa nyumba akaitambua sauti yake, akafurahi hadi akasahau kufungua, akakimbia ndani kuwaambia. Wakamwambia ana wazimu. Wakaendelea kumwombea, na mwenyewe yuko nje anagonga.

Mlango ukagongwa tena. Profesa akatazama mkeka.

Nikainuka. Mume wangu akatangulia, akasimama mbele ya msumari. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa na uso wa mhudumu wa viti, ule wa kuwaomba watu radhi.

"Mke wangu, naomba ukae."

"Ni mama yako yuko kwenye ngazi na miguu ile!"

"Ukifungua umetuvunja sote. Siku zote hizi zitakuwa bure."

"Ulitoka kanisa zima kwa sababu ulimwinua mama kwenye kiti."

Macho yake yalitetemeka na nikadhani amenisikia. Nikapitisha mkono kando ya shingo yake nikauchukua ufunguo. Akanishika kifundo cha mkono. Hajawahi kunishika hivyo tangu tuoane. Nikaangalia wengine. Mitambo alikuwa ameinamisha kichwa, midomo inacheza.

"Mwachie," Dobi akasema. "Mfungulie mama wa watu, jamani!"

Akaniachia. Nikafungua.

Mama mkwe alikuwa ameshikilia ukuta, ameloa hadi kifuani, kiatu mkononi, ndicho alichokuwa akigongea. Nyuma yake ngazi ilishuka ikaingia majini. Sebule yangu ilikuwa ziwa la rangi ya chai, na viti vikielea. Nilitaka kumvuta ndani. Akanisukuma pembeni, akamtafuta mwanawe kwa macho.

"Mtaro umefurika," alisema, pumzi inamkata. "Huku nyuma kwa majirani vyumba vyote vina maji. Watoto wako juu ya meza. Na nyie mna ghorofa."

Hakusema nimewaita muda mrefu. Hakusema miguu inaniuma. Alipanda kuja kuwaombea wengine nafasi.

Sijui ni nani aliyetangulia. Nadhani ni Mitambo, ndiye aliyenipita mbio akiwa pekupeku. Kisha Dobi na radi yake yote. Kisha Profesa, amekunja suruali, miguu myembamba kama ya ndege. Wote walishuka kwenye yale maji kama watu walioitwa kwenye karamu. Nilibaki nikicheka na kulia, kwa sababu niliona wazi kwamba kila mmoja alikuwa akingoja sababu kwa moyo wake wote.

Mpaka jioni chumba kilijaa. Mtaa wetu ni wa watu waliotoka kila upande, na mtu akiogopa hurudia lugha ya nyumbani kwao. Basi mama mmoja alibembeleza kwa kilugha chake, mwingine alilaani mvua kwa cha kwao, wazee wawili wakasali kila mmoja kwa cha kwake. Nilitoa majoho yote, nikavisha watoto zambarau, yakaburuta sakafuni. Mitambo alikuja na mtoto begani, akasimama mlangoni, akasikiliza zile kelele. Aliyekuwa hapendi sauti! Alisimama pale muda mrefu, maji yanamchuruzika.

"Profesa," akasema, "unasikia?"

"Nasikia," mzee akasema, na akakaa chini ghafla.

Sitaongeza chumvi. Hakuna moto wala upepo uliotokea. Naandika nilichokiona.

Mume wangu hakushuka. Alipoona watu wanaingia alijifungia chooni, na ilibidi watoto wajisaidie kwenye ndoo.

Jumatatu, 10 Novemba

Maji yanapungua. Matope kila mahali. Kanisa kubwa limefungua jengo lile jipya kwa waliofurikiwa, wakalala humo, hata kwenye zile safu za mbele. Mama amenieleza hayo kwa fahari. Nikamwambia nimefurahi. Kweli nimefurahi.

Alhamisi, 13 Novemba

Mama leo amesema wale watu wameombwa wahame, zulia linanuka. Hakusema kwa fahari.

Jumapili, 16 Novemba

Watu wangu wamekwenda. Mitambo amerudi kwa mkewe, ambaye kwanza alimpiga kibao kisha akampikia. Dobi ana kazi kama mlima, mtaa mzima nguo zake ni matope. Profesa hupita asubuhi, kabla ya kazi zangu, tunamega mkate mezani jikoni, mama naye akiwepo. Hatuna jina la jambo hilo. Mama humwuliza maswali magumu naye hutabasamu.

Mume wangu, wa mwisho kati ya majirani alipoteremka, alifagia chumba, akatandika mkeka, akafunga mlango. Ufunguo anao yeye ndani.

Jumatano, 19 Novemba

Nampandishia chakula. Hufungua kwa upana wa sahani.

"Shuka basi," namwambia.

"Mliondoka kabla haijaja."

"Ilikuja. Tulikuwa ngazini tunapokea watoto."

"Yale yalikuwa mafuriko."

Sijui namna ya kumjibu, kwa sababu yalikuwa mafuriko.

Jumamosi, 22 Novemba

Nashona jikoni. Cherehani zangu ziko juu pamoja naye. Majoho yaliyobaki nayatoa doa moja moja, kwaya inanisumbua kwa simu. Mama hupanda ngazi mbili tatu kila siku, huketi, humwita mwanawe kwa jina la utotoni. Kisha hushuka. Hajamlaumu hata mara moja, na namlaumu mimi kwa niaba yake.

Jumatatu, 24 Novemba

Jua limewaka leo tangu asubuhi. Nilipanda na sahani, nikasimama mlangoni, nikamsikia anasali. Sikutaka kumkatiza. Nikasikiliza.

Alikuwa ananiombea mimi. Alinitaja kama vile niko safarini mbali sana. Alisema, Bwana, mke wangu amepotea na dunia, mfungue, mrudishe, hata kama ni usiku mrudishe, nitamfungulia.

Nikagonga.

Akaendelea, sauti ikiwa juu zaidi.

Niligonga mpaka vidole vikauma. Nikamwita. Nikamwambia ni mimi, mke wako, niko hapa, sijaenda popote. Namjua vizuri mume wangu. Alinisikia. Alikuwa anamlilia Mungu anirudishe, na alikuwa ananisikia.

Mchuzi uliganda kwenye sahani. Nikashuka, nikapita mbele ya mama, nikaenda hadi kwa seremala wa pale kona nikiwa na ukanda wangu wa kupimia shingoni. Nikamwambia nina mlango, nataka aje kesho asubuhi. Akauliza ni kitasa kimeharibika? Nikamwambia kitasa ni kizima. Aje na nyundo na tindo, aung'oe mlango pamoja na fremu yake, auchukue, afanyie meza, apeleke anakotaka.

"Utaweka mwingine wa aina gani?"

"Siweki mwingine."

Akanitazama. "Na mzee wako anasemaje?"

"Mzee yuko ndani," nikamwambia. "Ananiombea nirudi."